La Kulia la Habiba, la Kushoto Langu

Harufu ya miyaa iliyolowekwa hunijia hata huku niliko, katika mji wa Marekani ambako hakuna anayejua miyaa ni kitu gani. Hunijia nikikunja nguo, au nikisubiri basi kwenye baridi: harufu ya majani ya mkoma yaliyolala kwenye karai la maji ya rangi, nzito kidogo, tamu kidogo, na mara nimerudi uani kwetu Kismayu. Mama amekaa chini, miguu ameinyoosha, ukili wa mkeka unatoka mikononi mwake kama unaojisuka wenyewe. Kulia kwake amekaa Habiba. Kushoto nimekaa mimi. Ndivyo tulivyokaa siku zote, na ole wako ukithubutu kukaa upande wa mwenzako. Jua linapenya kwenye makuti na kututia madoa mapajani, bajaji zinapiga kelele barabarani kuelekea bandarini, nami nasinzia huku nikisikia kwa mbali Mama akinong'onea kazi yake. Sijui ilikuwa alasiri moja au alasiri mia. Kwangu zote zimekuwa moja.

Mambo ya kulia na kushoto yalianza kabla hatujapata akili. Mama yake Habiba alikuwa mkulima wa kando ya Mto Juba, aliyekimbia vita na mimba yake akapanga chumba jirani na kwetu. Alijifungua, na siku ya tatu akafariki. Mimi nilikuwa na miezi minne. Mama yangu, Mwanakheri, mzaliwa wa kisiwa cha Kudhaa, alimchukua yule mchanga siku ile ile, na ili pasiwe na dhuluma akatugawia: titi la kulia la Habiba, la kushoto langu. Ulie mpaka ukauke, la mwenzako hupewi. Majirani walisema, "Mwanakheri, huyo ni mtoto wa mtoni, mpeleke kwa watu wake." Walimsema nywele, walimsema ukoo, walisema babu zake walikuwa watumwa. Jamani! Sisi Wabajuni, tuliokuwa tukidharauliwa mjini na kila mwenye kabila kubwa, tulipata nasi wa kumdharau. Nikikumbuka naona haya. Mama hakuona haya wala hakuona woga. "Mchu ni mchu," alisema kwa Kibajuni chake, yaani mtu ni mtu. "Nimemnyonyesha, ni mwanangu, ni dada yake Esha mbele ya Mungu. Mwenye neno aje nalo kwangu, asimpe mtoto." Maneno hayo hayakwisha hata tulipokua; Habiba aliyasikia yote akiwa ameinamia ukili wake, na siku hizo ukili wake ulikuwa unabana kuliko wa mtu yeyote.

Tulipokuwa na miaka kama kumi na moja, Baba, ambaye alikuwa Marekani akifanya kazi kiwandani kukata kuku, alipiga simu kusema makaratasi yetu yameanza kutembea. Basi, nyumba nzima ikaingia ndotoni. Mama akatupeleka kwa Mwalimu Shee, mzee mmoja aliyewahi kuishi huko Marekani akifagia maofisi na sasa akifundisha Kiingereza katika chumba nyuma ya ghala la barafu. Chumba kile kilikuwa na ubaridi wa ajabu na harufu ya samaki, nami niliamini kwamba ndivyo Marekani yenyewe inavyonuka. Alitufundisha kwamba wazee waliounda nchi ile, walipojitenga na mfalme wao, waliandika kuwa watu wote wameumbwa sawa, na kwamba haki zao wamepewa na Muumba, si na mfalme, kwa hiyo hakuna mwenye ruhusa ya kuwanyang'anya. Tuliyakariri maneno hayo kwa Kiingereza kama tunavyokariri sura madrasa, tukiyumba mbele na nyuma. Siku moja akaongeza, bila kuficha, kwamba waliyaandika kisha wakarudi majumbani kwao kuhudumiwa na watumwa. Habiba akanyoosha mkono. "Basi Mwalimu, waliyaandika kwa ajili ya nani?" Mwalimu Shee alivuta kiti akakaa mbele yake. "Walidhani ni kwa ajili yao," akasema. "Lakini waliokuwa chini waliyasikia, wakayashika, wakayadai. Bado wanayadai. Ukiyashika na wewe, ni yako." Njia nzima ya kurudi Habiba aliyasema, akiruka madimbwi. Mimi nilikuwa nawaza theluji.

Safari ya kwenda kuhojiwa kwenye ubalozi wa Marekani naikumbuka vipande vipande. Boti mpaka Ras Kamboni, nyingine mpaka Kiunga, ng'ambo ya mpaka, kisha mabasi yasiyokwisha, kichwa changu begani kwa Habiba, mate yangu kwenye buibui lake, naye akinisukuma, "Ala, Esha, mimi si mto!" Mama mmoja safarini alimshauri Mama, "Dada, sema ni pacha tu. Nani atajua?" Mama akamtazama kwa mshangao. "Niape halafu niseme uongo? Na wa nini, mwenzangu, hali ukweli ninao?" Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kwake yeye, na kwa kila mtu pwani yetu, maziwa yalikuwa ushahidi tosha. Ukinyonya kwa mama, wewe ni mwanawe, na wanawe ni ndugu zako, huwezi hata kuwaoa. Nani asiyelijua hilo?

Ofisa alikuwa mwanamke wa Kimarekani, mpole, mwenye miwani, na pembeni yake mkalimani kutoka Mombasa. Tuliinua mikono tukaapa. Akauliza, "Habiba umemzaa wewe?" Mama akajibu, "Nimemnyonyesha." Akauliza tena. Ndipo Mama, maskini wa Mungu, akadhani kinachokosekana ni maelezo. Akavuta kiti mbele, akaeleza kwa fahari yote aliyokuwa nayo: sikumzaa, lakini la kulia lilikuwa lake, la kushoto la Esha, miaka miwili kamili, sikumpunja hata siku moja. Alijipiga kifua, kulia, kushoto, kama anayeonyesha hati ya nyumba. Mkalimani aliinamisha uso kabla hajatafsiri. Yule ofisa akaacha kuandika. Akasema fomu ina mahali pa kuzaa na pa karatasi za mahakama, mahali pa maziwa haina. Habiba akasimama. Bila kuulizwa, kwa Kiingereza cha nyuma ya ghala la barafu, akayasema yale maneno yote, neno kwa neno, mpaka mwisho. Yule mwanamke alimsikiliza, machozi yakamlengalenga, akasema, "Ndiyo. Ni kweli." Kisha akachukua kalamu akakata jina moja.

Barua ilipofika ilikuwa na majina mawili, la Mama na langu. Mama aliiweka chini ya karai la miyaa, akasuka siku tatu mfululizo. Siku ya nne akatuita, mmoja kulia, mmoja kushoto. "Esha ana baba yake huko," akasema. "Habiba hana mwingine ila mimi. Kila mmoja wenu atapata mzazi mmoja." Nilimchukia Mama, wallahi. Niliondoka na familia ya watu wengine, sikumbusu Habiba, na miaka mingi nilipoulizwa kama nina ndugu nilijibu sina.

Sasa mimi ni raia. Niliinua mkono nikaapa katika ukumbi uliojaa watu wa kila rangi, na yale maneno yakasemwa jukwaani, nami nikasikia harufu ya samaki na barafu. Nimeishi hapa vya kutosha kujua nani anasimamishwa njiani na nani anaachwa apite. Nimeandamana barabarani pia, na watu ambao babu zao walihudumu kwenye nyumba za wale wazee waliounda nchi, wakiyadai maneno yao kwa sauti zilizokauka. Nilisimama kati yao nikalia kama mtoto, maana nilikuwa nimeelewa swali la Habiba baada ya miaka yote hiyo. Yeye ndiye anayefundisha sasa katika chumba cha Mwalimu Shee. Mama macho yake yameanza kupungua, anasuka kwa kupapasa. Nikimwambia naweza kumwita aje, hunijibu, "Ukiniita, uniite na mwenzako."

Wiki iliyopita niliketi na fomu ya kuwaombea wote wawili waje. Penye uhusiano wangu na Habiba palikuwa na mstari mfupi tu wa kujaza. Niliandika, na nafasi ilipokwisha nikaendelea pembeni, nikageuza karatasi. Najua watairudisha. Nitaandika tena. Kisha nikampigia Habiba kumwambia, nikamsikia Mama nyuma yake akikohoa uani, na harufu ya miyaa ikanijia. "Umewaandikia kuwa la kulia lilikuwa langu?" akauliza. "Usije ukanidhulumu, Esha."

"Nimewaandikia," nikasema. "Ndilo neno la kwanza."