Chakula cha Baba Herieth

Notburga alipika katika shule ya sekondari pale Mbinga kwa miaka ishirini na sita. Watoto aliowashibisha leo ni walimu, mapadri na madereva wa malori ya kahawa, na wakimwona sokoni humwamkia kwa sauti kubwa. Alijivunia jambo moja: hata stoo ikibaki na nusu gunia la unga na mboga zilizonyauka, watoto watakula. Kitu kikikosekana, yeye alijua cha kuweka badala yake.

Mumewe, Zabron, alikuwa Mnyasa wa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, Mwanglikana, fundi wa kuchonga mitumbwi. Alipanda milimani kumfuata mke wa Kimatengo, tena Mkatoliki, akageuka seremala wa milango na vitanda. Mengine yote aliyaacha ziwani isipokuwa usipa, wale samaki wadogo, ambao ndugu zake walimtumia mfuko kwa basi kila baada ya wiki mbili.

Alipofikisha miaka sitini na moja alianza kuvimba miguu. Walikwenda Songea, akapimwa damu, wakaambiwa figo zimechoka. Daktari wa zamu alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Apunguze chumvi, apunguze nyama na samaki, arudi baada ya miezi mitatu. Basi.

Binti yao Herieth, karani huko Dar es Salaam, hakuridhika. Aliagiza mtandaoni boksi la chakula cha wagonjwa wa figo, akalituma kwa basi. Ndani mlikuwa na pakiti ndogo ndogo za siku ishirini na nane: wali mweupe, supu ya unga, biskuti zisizo na chumvi, vipande vya tufaha vilivyokaushwa. Kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza chenye picha ya sahani kwa kila siku.

"Mama Herieth, hiki ni chakula au dawa?" Zabron aliuliza, akigeuzageuza kijiko.

"Kula tu, Baba Herieth."

Alikula akinung'unika, lakini uvimbe ulipungua. Boksi la pili lilipoisha alikuwa anavaa viatu vyake tena. Hapo ndipo kampuni ya Herieth ilipopunguza wafanyakazi, naye akawa mmoja wao.

"Mama, boksi la tatu siliwezi," alisema kwenye simu, na Notburga alisikia kwamba analia.

"Usilie. Kwani ndani yake kuna nini ambacho mimi siwezi kupika? Nisomee hicho Kiingereza chao."

Wakakaa Jumapili nzima kwenye simu. Herieth alisoma nakala ya kijitabu aliyoipata mtandaoni, Notburga akapanga. Kesho yake alikwenda kwenye supamaketi karibu na stendi na kijitabu mkononi, akalinganisha picha na vilivyokuwa kwenye rafu. Tufaha lilikuwa ghali, na lile moja lililobaki lilikuwa limekunjamana. Kijitabu kilisema tunda, na matunda yalijaa sokoni: akachukua ndizi na parachichi. Supu ya pakiti akaigeuza kuwa supu ya maharage na nyanya za kopo. Wali mweupe akaona hauna nguvu, akaweka viazi. Muuzaji akamwonyesha kopo la chumvi lenye picha ya moyo.

"Hii ndiyo ya wenye presha, Mama. Haina ile sodiamu."

Notburga alimshukuru kwa dhati, akalinunua. Aliona Mungu amemfungulia njia.

Zabron alifurahi. "Sasa umerudi jikoni," alimwambia, akaomba parachichi la pili. Majirani walimsifu Notburga, na mwanamke mmoja wa parokiani ambaye baba yake naye alikuwa mgonjwa wa figo akaja kuandika mpango ule kwenye daftari.

Wiki ya tano Zabron alisema miguu yake imekuwa kama ya mtu mwingine. Haikuvimba, ila haikumtii. Alishindwa kubeba randa kutoka kibanda chake cha useremala hadi ndani. Notburga alidhani ni njaa, kwa kuwa nyama alikuwa ameacha. Akamwongezea ndizi asubuhi, na jioni supu mara mbili.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Zabron alikaa chini mlangoni akashindwa kuinuka. Alisema moyo unaruka. Walimpakia kwenye bajaji mpaka hospitali, akawekewa waya kifuani, damu ikachukuliwa. Daktari alikuwa binti mdogo aitwaye Aurelia, aliyemwamkia Notburga kabla ya kumuuliza chochote.

"Mama, amekuwa akila nini?"

Notburga alimweleza kila kitu, siku kwa siku, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Alipofika kwenye lile kopo la chumvi, daktari aliacha kuandika.

"Nani alikupa mpango huo?"

"Niliutengeneza mwenyewe, kutoka kwenye kijitabu."

Daktari alimweleza taratibu. Figo zikichoka haziwezi kutoa potasiamu, na potasiamu ikizidi husimamisha moyo. Ndizi, parachichi, viazi, maharage, nyanya, vyote vina nyingi. Na ile chumvi ilitengenezwa kwa potasiamu.

"Kwa hiyo ni chakula changu?"

"Figo zake zilikuwa mbaya sana, Mama."

"Nimekuuliza swali, Daktari."

Binti yule alitazama sakafu. "Ndiyo. Kimechangia."

Walimtundikia dawa, wakatafuta gari la kumpeleka Songea. Zabron alifariki kabla gari halijatoka getini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Herieth alifika kesho yake akiwa na nakala ya kijitabu kwenye simu. Mwishoni kulikuwa na kurasa mbili za vyakula vilivyokatazwa.

"Niliziruka, Mama. Niliona boksi limekamilika, za nini? Siku ile ya simu sikuzikumbuka."

 Notburga alimvua binti yake viatu vya safari kama mtoto, akamlaza.

Walimzika Liuli. Baada ya maziko Hamphrey, mdogo wa marehemu, aliuliza mbele ya watu, "Shemeji, kaka yangu alikufa kwa nini?"

Herieth alifungua kinywa. Notburga akamtangulia. "Nilimlisha vitu visivyomfaa. Sikujua, lakini ni mimi niliyempikia."

 Hamphrey alisimama, akaenda kukaa upande wa wanaume, na tangu siku hiyo hajampigia simu.

Aliporudi Mbinga, kabla ya kuvua nguo za msiba, Notburga alikwenda kwa yule mwanamke wa parokiani. Alimkuta akimenya viazi. Alimwomba daftari, akachana ukurasa, akamwambia ampeleke mzee kwa Daktari Aurelia leo hii.

Kazi ya shule aliiacha mwezi uliofuata. Sasa yuko Litembo kwa kaka yake, anapalilia kahawa. Herieth humpigia kila Jumapili. Huongea habari za mvua, za bei, za wagonjwa wa ukoo. Hawaulizani wamekula nini.