Magoti ya Mwana wa Kwanza

Eom Pil-gyu aliendesha basi la jiji la Busan kwa miaka ishirini na saba. Alipostaafu, yeye na mkewe walinunua kochi, kitanda, na meza ya kulia yenye viti vinne. Ile meza yao fupi, ambayo walikuwa wakilia chakula wameketi sakafuni, ikasukumwa nyuma ya friji.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya sikukuu ya mavuno, alisimama mbele ya meza ya tambiko ya marehemu baba yake, kama ilivyo haki ya mwana wa kwanza. Alimimina pombe ya mchele, akapiga magoti, akainama hadi paji la uso likagusa mikono. Baada ya sujudu ya kwanza aliinuka kwa kujikokota. Ya pili hakuinuka. Mdogo wake, Pil-ho, alimshika makwapani akamnyanyua, na kiwiko cha Pil-gyu kikaangusha kikombe cha marehemu.

Wakati wa kula, Pil-ho alimgeukia.

"Kaka, mwakani nitaongoza tambiko mimi. Wewe utakaa kwenye kiti ututazame."

"Nikae kama mgeni?"

"Kama mzee. Baba hatakasirika."

"Basi hukumjua Baba," Pil-gyu alisema, akauacha mchuzi wake upoe.

Kuanzia wiki ile alikipanda kilima cha nyuma ya mtaa kila alfajiri, mvua au theluji. Juu kuna mashine za mazoezi zilizowekwa na manispaa, na wastaafu wa mtaa mzima huzipigania kama viti vya mbele. Pil-gyu alisukuma kwa miguu, akavuta kwa mikono, akarudi nyumbani amechoka hata hawezi kuongea. Mapaja yakajaa. Wenzake wakamwita Farasi. Alichoka kila siku kwa mwaka karibu mzima, na uchovu ule aliuhesabu kuwa ushahidi kwamba anaendelea vizuri.

Zikiwa zimebaki wiki sita kufika sikukuu, alijaribu kusujudu sebuleni. Alishuka vizuri. Kisha akabaki pale, uso mikononi, akisikiliza moyo wake unavyodunda. Miguu iliyosukuma chuma kizito haikujua ianzie wapi.

Mkewe alikuwa amechuchumaa kwenye baraza la jikoni, akitia chumvi kabichi za achari ya kimchi. Alimtazama, akainuka na beseni lililojaa bila kushika ukuta, akaliweka kando. Alikuwa na miaka sitini na nne na hajawahi kukanyaga kilimani.

"Mama Jin-uk, nipe mkono."

"Nitakupa. Lakini niambie kwanza, Baba Jin-uk, hizo mashine zenu huko juu, unazitumia umesimama au umekaa?"

Alifikiri. "Nimekaa."

"Zote?"

"Karibu zote."

"Miaka ishirini na saba umekaa kwenye basi, ukastaafu ukanunua kochi, halafu unapanda mlima kwenda kukaa tena." Alimvuta akasimama. "Farasi gani huyo?"

Jioni ile meza fupi ilitoka nyuma ya friji. Kochi na viti vinne vilirundikwa chumba cha nyuma, magodoro yakatandikwa chini. Tambara la kupigia deki mkewe alimkabidhi bila hotuba, na kila asubuhi Pil-gyu alipiga deki nyumba nzima kwa mikono, akichuchumaa, akipiga goti, akiinuka kukamua, akishuka tena. Wakati wa kula alishuka, chumvi ikisahaulika aliinuka. Magoti yalimlalamikia kuliko yalivyowahi kulalamika kule kilimani. Usiku alilala kama gunia.

"Nimechoka," alisema siku moja, tambara mkononi.

"Na mimi nimechoka tangu nilipoolewa. Pale chini ya kabati umeruka."

Sikukuu ikafika. Pil-ho alikuja amevaa koti jipya, akasimama karibu na kaka yake, tayari. Pil-gyu alimimina pombe, akashuka, akainuka. Akashuka mara ya pili, na safari hii alikaa chini muda mrefu. Pil-ho akapiga hatua mbele.

"Shemeji, mwache," mke wa Pil-gyu alisema kwa sauti ndogo kutoka mlangoni.

Goti la kulia lilijitokeza kwanza. Mikono miwili ikatua juu yake, mgongo ukafuata polepole, kama mtu anayeinuka na ndoo ya maji machafu. Akasimama. Kikombe kilikuwa mahali pake, kimejaa.

Pil-ho alirudi nyuma hatua ile ile. "Bado kwenda kusujudu makaburini, Kaka," alisema. "Huko ni mteremko."

"Najua."

Hakutabasamu. Jasho lilikuwa limelowanisha kola yake. Alitafuta kwa macho mahali pa kupumzika, lakini kiti hakikuwepo tena sebuleni, kwa hiyo akashuka sakafuni, akanyoosha miguu, na kumwomba mkewe maji.

"Yako jikoni," mkewe alisema.

Akaanza kuinuka.