Mashavu ya Mama Mchele

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake la mchele pale Tunduma, Mwanamvita hujaza upepo mashavuni, hujitazama kwenye kioo kilichotundikwa nyuma ya mlango, huhesabu hadi kumi, ndipo huuachia.

Bushra, mtoto wa kaka yake, aliyekuja kukaa naye baada ya kumaliza chuo Dodoma, alikuwa akiyaona hayo kupitia upenyo wa pazia na kunyamaza. Alikuwa na mengi ya kunyamazia. Shangazi hagusi tena nyama. Anakunywa mchuzi na wali uliopondwa. Mara mbili amekwenda Mbeya peke yake, eti anafuatilia mzigo, ilhali mchele wake unatoka Kamsamba, upande mwingine kabisa. Na uso wake wa mviringo ulikuwa umebonyea kushoto na kulia.

Soko nalo lilikuwa na macho.

"Mama Mchele," Fides wa duka la jirani alimwambia mbele ya wateja, "hivi mchele wako unakula, au unauza wote?"

"Nabakiza wa msiba wako."

Wakacheka. Lakini Mwanamvita alipoingia ndani, Bushra alimsikia Fides akimnong'oneza mteja: "Hali yake si nzuri yule."

Jumanne akaja Angel. Alisema yeye ni nesi, anafanya kazi ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na ana sindano ya kujaza mashavu. Jeli inachomwa chini ya ngozi, uso unarudi siku hiyohiyo. Wakaingia stoo. Bushra akawafuata akijifanya anatafuta ufagio. Alikuwa amesoma kwamba jeli hiyo ikiingia kwenye mshipa wa damu, mtu anaweza kupofuka. Akasogea karibu.

Angel alitoa mkobani bomba la sindano lililoviringishwa kwenye tishu.

"Boksi lake?" Mwanamvita aliuliza.

"Nimeliacha kazini, mamangu. Linajaza mkoba bure."

"Na ukikosea, unayo dawa ya kuiyeyusha?"

"Mimi sikosei. Wewe lala hapo juu ya magunia."

Mwanamvita hakulala. Alichukua bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchungulia gunia, akalichoma gunia juu, katikati, chini, kisha akamwonyesha Angel punje kiganjani.

"Aliyeniuzia hili namjua mwaka wa kumi na mbili, na bado nampima. Wewe nimekujua tangu saa nne. Funga mkoba wako, mwanangu."

"Basi utabaki hivyohivyo, mama," Angel alisema, akatoka bila kuaga.

Mwanamvita akaketi juu ya gunia, mabega yameshuka. Bushra alitegemea moyo wake utatulia, haukutulia. Mtu mwenye tahadhari namna ile, kilichomsukuma hadi kumkaribisha mgeni na sindano yake stoo ni kitu gani? Alikumbuka mchuzi, safari za Mbeya, mnong'ono wa Fides. Akaketi kando yake. Swali alilolibeba miezi mitatu likatoka, hilo moja tu.

"Shangazi, unaumwa?"

Mwanamvita aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio, kisha akaushusha.

"Siumwi. Niling'olewa magego yote kule Mbeya, nikaona aibu kukwambia."