Mfungo wa Radi

Ndugu zangu, aibu hii nilijitafutia mwenyewe. Mbwa wangu Radi hapa kambini Nakivale anapita hata pikipiki, basi tukampeleka Kakiika, Mbarara, kwenye mchujo wa mashindano makubwa ya mbio za mbwa ya Kampala. Kanisa letu la Wakongomani lilikubali tufunge siku mbili ili apite. Ni mimi, mjinga, niliyesema Radi naye afunge, asiguse hata mfupa.

Asubuhi ya mchujo nikamwambia pasta wetu kwamba naenda kuomba peke yangu. Nilienda na Radi kwa mama wa muchomo nyuma ya uwanja, nikala mishikaki mitatu. Radi alisimama ananitazama. Sikumpa kitu.

Filimbi ikalia. Radi akawaacha wenzake wote nyuma, kanisa likapiga vigelegele, kisha akakata kona na kutoka uwanjani. Tukamkimbilia, mimi na pasta mbele. Tukamkuta kwa yule mama, anadowea nyama.

Mama aliponiona akatabasamu. "Mzee, umerudi tena? Nikuongeze ingine?"

Pasta alinigeukia polepole.

"Papa Furaha, kumbe mu nyumba yako ni imbwa tu ndiye alifunga."