Shona Nguo, Tusi Bure

"Nikikushonea mimi, ukirudi kwenu mbwa wenu wakubwekee!"

Maneno hayo Shangazi aliyatoa harusini, kwenye kipaza sauti, mbele ya wakwe wa pande zote mbili. Mshereheshaji ndiye aliyejitakia. Alimwomba "neno fupi" kama fundi wa gauni la bibi harusi, na Shangazi hana neno fupi. Bibi harusi alicheka mpaka akaishika zipu, akiogopa itamwachia. Haikuachia. Zipu ya Shangazi haiachii.

Mtaa mzima tunamwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Chumba chake cha kazi kipo kati ya fundi vioo na kinyozi. Ana cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme inayonguruma kama ina kinyongo na mtu, halafu meza ya kukatia, pasi, na pazia la kubadilishia nguo. Pazia lenyewe linaishia magotini, kwa hiyo wateja tunawajua kwa viatu. Mumewe alipoondoka alisahau mashati yake kwenye kamba. Shangazi akayafumua moja baada ya jingine, akaona yalivyoungwa, akayashona upya yakawa sare za shule za mwanawe. Ndiyo diploma yake hiyo, na yeye aliimaliza, tofauti na watu fulani.

Ana tabia moja kazini: anatukana nguo. Mtu hamgusi, nguo tu. Akikuvalisha kwa majaribio, pini zimejaa mdomoni, anaongea na kitambaa kama mama aliyemkuta mtoto kwenye matope. "Wewe kola, nani kakufundisha kulala hivyo? Simama!" "We pindo, umelewa?" Mwenye nguo anacheka, nguo inanyooka. Asipoitukana nguo yako, ujue haijamgusa moyo. Ataishona, itakaa sawa, basi.

Kisha ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka la nguo za tayari, lenye sanamu wasio na vichwa dirishani, na wateja wakaanza kuvuka. Hapo ndipo mwanawe alipoleta akili. Tunamwita Meneja. Hajawahi kuwa meneja wa chochote, hata wa usingizi wake mwenyewe, ila huvaa tai kwenda kununua mkate. Akaandika bango kubwa, rangi nyekundu, akalipigilia juu ya mlango: SHONA NGUO, TUSI BURE.

Nisimwonee. Lilifanya kazi. Watu walisoma, wakacheka, wakaingia. Mwalimu mmoja akaleta koti la marehemu babu yake. Shangazi akaliambia, "Wewe koti, mabega yote haya ya nini? Ulikuwa unabeba jeneza peke yako?" Mwalimu akalia kwa kicheko, siku ya pili akaleta suruali tatu. Cherehani zote mbili zikawa hazipoi. Shangazi akawa anamsifia mwanawe kwa kila anayepita, mpaka kinyozi akaomba na yeye aandikiwe bango.

Lakini mtu wa tai hatosheki. Meneja akaanza kuitega simu kwenye rafu ya nyuzi, inarekodi, bila kumwambia mtu.

Aliyenaswa ni muuguzi. Huyo alikuwa mteja wa kwanza kabisa wa Shangazi. Sindano ya cherehani ilipompitia Shangazi kidoleni, yeye ndiye aliyeichomoa, akamfunga, akakaa akamalizia pindo lililokuwa likisubiriwa. Wanaitana dada. Siku hiyo alikuwa anajaribu sare mpya ya kazini, na Shangazi akaanza zake: "Wewe sare, huna haya? Mbele umevimba kama gunia la mkaa!" Wakacheka wote wawili.

Meneja akakata yale maneno "wewe sare". Akaacha gunia. Akamwacha muuguzi amesimama ubavu, mikono juu, tumbo mbele. Akaweka muziki wa kuchekesha, akarusha mtandaoni.

Kesho yake foleni ilifika kwa fundi vioo. Foleni ya wajinga, nasema wazi. Huyu kaleta kitufe kimoja. Huyu kaleta soksi. Soksi! Wote simu juu. "Shangazi, nitukane mimi kwanza!"

Muuguzi akapita katikati yao, hakumsalimu mtu.

"Naomba kitambaa changu cha sare ya pili."

"Dada, bado sijakikata."

"Nakitaka hivyohivyo."

"Dada yangu, mimi nilikuwa naisema nguo. Wewe si unajua?"

"Mimi najua. Kawaambie wagonjwa. Leo namchoma mtu sindano, ananiambia, 'Gunia, taratibu!' Wodi nzima inacheka. Daktari kageukia ukutani, lakini mabega yanamcheza."

Shangazi alikunja kitambaa, akakikunja tena, kama vile akikikunja vizuri mwenzake atakaa. Muuguzi alikipokea, akatoka. Hakwenda kwao. Alivuka barabara, akaingia kwenye duka la sanamu wasio na vichwa.

"Ifute hiyo video," Shangazi akamwambia mwanawe.

"Mama, subiri. Watu elfu arobaini wameitazama!"

"Ifute!"

"Hata nikifuta, wameshaichukua. Iko kila mahali." Alisema hivyo huku anatabasamu, kana kwamba amempelekea mama yake habari njema.

Shangazi akaazima ngazi kwa fundi vioo, akaiegemeza mlangoni mwenyewe.

"Panda. Toa uchafu wako."

"Mama, mbele ya wateja?"

"Wateja gani? Yule wa soksi?"

Meneja akapanda na tai yake na ile suruali yake ya kubana. Akanyoosha mguu kufikia msumari wa mwisho, suruali ikapasuka msamba, kutoka mbele mpaka nyuma, kwa mlio uliosikika kwa kinyozi. Simu zote zikageuka. Watu walipiga mayowe ya furaha. Alishuka amejiziba nyuma kwa bango lake mwenyewe, akakimbilia ndani, na mtaa mzima ukasoma TUSI BURE ikipita.

Alijificha nyuma ya pazia, akapitisha suruali kwa juu. Tangu azaliwe hajawahi kuvaa nguo iliyochanika asishonewe na mama yake, wala hajawahi kuulizwa bei.

"Mama, nishonee basi."

Shangazi aliipokea, akaipindua, akatia mkono kwenye ule mpasuko, mkono ukatokea upande wa pili. Foleni ikainua simu juu, ikisubiri. Nguo ilikuwa imejileta yenyewe. Tusi lake lilikuwa pale, limeiva.

Hakuiambia suruali kitu. Aliiweka mezani, juu ya soksi ya yule mjinga.

"Kushona msamba," alisema, "elfu mbili."