Leso ya Chumba cha Nora

Harufu ya iliki kwenye mafuta ya moto hunirudisha mtaa wetu wa Abu Hamour, na kwenye aibu yangu. Msinicheke. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona mtu mkubwa.

Mwalimu mkuu wetu pale Doha, Mwalimu Orla, alitoka Ayalandi, mama mrefu ambaye mashavu yake hayakulizoea jua lile hata siku moja. Alipofungua chumba cha kusomea alikipa jina la Nora, mwalimu wa zamani wa kwao aliyezunguka vijijini akifundisha watoto kusoma Kiayalandi, wakati wenyewe wengi walikuwa wanakionea haya. Huko kwao, alituambia, kuna shule na uwanja wenye jina hilo. Mimi ndimi niliyechaguliwa kuwakaribisha wageni, na wiki nzima nilifanya mazoezi mbele ya friji.

Siku ikafika. Wageni wamependeza, utepe umefungwa mlangoni, na mama yangu huyo anaingia na yunifomu yake ya unesi, moja kwa moja kutoka zamu, amekumbatia hotpoti la mandazi na leso mpya. Akauliza kwa sauti, "Mwenye jina yuko wapi?"

"Alifariki zamani," Mwalimu Orla akajibu.

"Basi wewe ndiwe mtu wake. Kwetu mtoto akipewa jina, tunakuja na chakula na nguo. Haya, pokea." Akamtupia leso mabegani.

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Huyo ni mamako?"

"Ni jirani tu," nikasema.

Mwalimu Orla alilia mbele ya watu wote, ameishikilia ile leso. Mandazi yaliisha kabla ya hotuba.

Nilikuwa mtu mzima mjomba aliponieleza: wiki ileile, nyumbani Kakamega, binti yake mchanga alipewa jina la mama yangu, na kazini walimnyima mama likizo ya kwenda. Leso ile alikuwa amemnunulia mtoto huyo.

Mwaka jana nikaungama. "Mama, siku ile nilisema wewe ni jirani."

Akaendelea kukanda unga. "Nilisikia. Nikajiuliza, ni jirani gani huyu anayeamka alfajiri, kabla ya zamu, kumkaangia mtoto wa watu mandazi?"

Nikamkumbatia na unga wake wote, nikamwambia asante, neno nililopaswa kulisema siku ile, mbele ya watu.