Ngoma Niliyokatazwa

Nakumbuka Jumamosi moja, mjukuu wangu, Jumamosi ya jua la kuchoma baada ya mvua, katika uwanja wa shule yetu ya kutwa pembezoni mwa mji wa Kakamega, kando ya barabara ya kwenda Sigalagala. Nilikuwa kidato cha tatu. Nakusimulia kwa sababu jana ulikaa jikoni kwangu ukimega obusuma, ugali wetu, kama mtu asiye na njaa, ukaniambia kwamba timu yenu ya wasichana inacheza fainali wiki hii na hakuna atakayekuja kuwashangilia. Mashabiki wote wako nyuma ya wavulana. Kisha ukasema, "Ni sawa tu, kukhu, tumezoea." Neno hilo sikulipenda, na leo bado silipendi.

Shule yetu haikuwa na jukwaa wala basi, lakini ilikuwa na isukuti. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zilizowambwa ngozi ya kenge. Zikianza kulia, hata mama wauza ndizi nje ya lango walikuwa wanatikisa mabega. Wavulana ndio waliopiga. Sisi wasichana tulicheza na kutikisa njuga, basi. Kwetu Isukha ngoma hiyo ni ya wanaume, na hakuna aliyeuliza kwa nini, kama vile hakuna anayeuliza kwa nini kiti cha baba hakikaliwi.

Mwaka huo ndio tulikuwa na timu ya kwanza ya mpira ya wasichana. Nahodha wake alikuwa Mmbone, rafiki yangu wa dawati moja, msichana mwembamba mwenye teke la punda. Naibu wa mwalimu mkuu hakuitaka timu hiyo. Alisema mbele ya shule nzima kwamba timu isiyotakiwa hata na wenzao haina haja ya kuwepo. Fainali ingechezwa kwetu, angetazama kama kuna anayewaimbia, na kama hakuna, jezi zingerudi kwa wavulana. Mmbone alinishika mkono tukitoka gwarideni. "Na wewe ukinyamaza," aliniambia, "mimi nimekwisha."

Sasa sikia kilichotokea. Asubuhi ya fainali wavulana wetu walicheza kwanza, wakafungwa vibaya. Wapiga ngoma wakanuna. Wakazikusanya ngoma zao, wakazilaza kando ya ua na kukaa hapo nyuso zimevimba kama waliofiwa. Mchana wasichana wakaingia uwanjani, na wageni wetu, shule ya bweni, walikuwa wamekuja na basi zima la nyimbo. Upande wetu kimya. Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walikuwa wanacheza kwao, na hakuna aliyewatunza hata kwa kikohozi.

Tukafungwa bao la mapema. Mmbone akaokota mpira wavuni, akageuka akatutazama. Naibu alikuwa amesimama karibu na kona, mikono kifuani. Nikaona anatabasamu. Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza, mwanangu. Nilijikuta nimefika penye ua na nimeinua ngoma ya kati.

Mkuu wa wapiga ngoma, kijana wa kidato cha nne aitwaye Shivachi, akasimama. "Weka hiyo chini. Ngoma hii wasichana hawapigangi."

"Basi piga wewe," nikamwambia.

"Leo hatupigi."

"Basi napiga mimi."

Husemwa mwenye nguvu mpishe. Siku hiyo sikumpisha mtu. Nilitundika ngoma begani nikarudi kwenye mstari wa uwanja, nikaanza. Nilipiga vibaya, nakiri, mkono unakimbia na mguu unabaki. Wavulana wakacheka. Lakini miguu yangu ilikuwa imecheza mdundo ule kwenye harusi tangu utotoni, na polepole mkono ukaufuata. Msichana mmoja akavunja tawi la ua akalipunga. Wa pili akavunja lake. Muda si muda upande wetu wote ulikuwa msitu unaocheza, na Mmbone akafunga bao ambalo mlinda lango wao mpaka leo nadhani analitafuta.

Hatukushinda. Dakika za mwisho walitufunga tena. Wageni walidhani tutatawanyika kwa aibu, lakini tuliwaweka wachezaji wetu katikati tukawaimbia kutoka uwanjani hadi barabarani, na watu madukani wakatoka kuuliza tumeshinda ngapi.

Jumatatu niliitwa mbele ya gwaride. Naibu alinitaka niwaombe wavulana msamaha kwa kuvunja mila. Nikasema, "Ngoma sikuipasua, mwalimu. Niliipiga." Akaagiza mzazi wangu aitwe. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwangu alikuwa nyanya aliyenilea. Nilimwogopa yeye kuliko shule nzima, kwa maana hakuna aliyeshika mila za Isukha kama yeye.

Akaja gwarideni na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Naibu akamkaribisha kwa furaha. "Mama, wewe mila unazijua. Mwambie mtoto."

"Nazijua," nyanya akasema. Akawageukia wavulana wa ngoma. "Nyanya yake huyu Shivachi tulimzika mwaka jana. Isukuti ililia au haikulia?"

Shivachi akajibu chini chini kwamba ililia.

"Na alikuwa mwanamke?"

Kijana akaitikia kwa kichwa.

"Basi niambieni. Hawa wasichana mnangoja wafe ndio muwapigie?"

Kisha nyanya akanigeukia mimi. "Na wewe. Nimesikia ulipiga kama mtu anayefukuza kuku. Ukiamua kugusa kilichokatazwa, kiguse kwa ustadi, wasipate la kusema." Huo ndio mkemeo alionipa, nami ninao hadi leo.

Jezi hazikuguswa. Mechi iliyofuata ya wasichana Shivachi alikuja na ngoma kubwa, akakaa kando yangu bila neno, akapiga.

Mwanangu, usizoee. Mtu akizoea kunyimwa, anayemnyima hulala usingizi mzito. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na aliyeshinda hata adui yake humpigia makofi, kwa hiyo wewe mwimbie anayefungwa. Msipopigiwa, pigeni wenyewe. Na mjifunze kupiga vizuri.

Mungu akupe miguu myepesi na pumzi ndefu, na hata akikunyima kikombe, asikunyime watu wa kukuimbia hadi nyumbani. Siku ya fainali nitakuwa nyuma ya goli lenu na ngoma yangu. Goti linauma, lakini mkono ni mzima. Wakikuuliza nani amemruhusu huyu mama mzee, waambie kukhu hakuuliza.